Ruksa Ilikuwa ya Nani? Ubishi juu ya Rais Mwinyi, 1985–1995

Karatasi ya kura ya urais waliyopewa Watanzania tarehe 27 Oktoba 1985 ilikuwa na mgombea mmoja, Ali Hassan Mwinyi, na mpiga kura alitakiwa kusema ndiyo au hapana. Zaidi ya asilimia 90 walisema ndiyo, na tarehe 5 Novemba Mzee Mwinyi akaapishwa kushika nafasi ambayo Julius Nyerere alikuwa ameikalia tangu Jamhuri ilipoanza. Karatasi ile haikumuuliza mtu kama serikali itie saini mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, wala kama shilingi ishushwe thamani, wala kama mwenye dola zake aachwe alete sabuni na vitenge bila kuulizwa dola kazipata wapi. Hayo ndiyo watu waliyokuwa wakibishania kwenye vijiwe vya kahawa, katika kumbi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ndani ya vikao vya CCM, lakini hayakuwa na sanduku la kura. Ubishi usiokuwa na pa kuamuliwa humwangukia mtu. Ndivyo siasa za uchumi za miaka kumi nzima zilivyopewa jina la mtu mmoja, Mzee Ruksa, na alipofariki tarehe 29 Februari 2024 bado aliombolezwa kwa jina hilo. Ninachodai hapa ni kwamba jina hilo limevuruga hesabu. Mwinyi amesifiwa na kulaumiwa kwa mlango uliokwisha kufunguliwa kabla hajaingia Ikulu, na amesamehewa, au tuseme amesahauliwa, kwa maamuzi yaliyokuwa yake kweli.

Zikumbukwe kwanza rafu za maduka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 bidhaa za kawaida kabisa ziliadimika: sukari, sabuni, mafuta ya kula, khanga, betri. Mjini, ili upate kilo ya sukari, jina lako lilipaswa kuwemo kwenye orodha ya duka la kaya au la ushirika, na mara nyingi orodha hiyo ilipitia mikononi mwa balozi wa nyumba kumi. Wapo waliofulia majani ya mpapai. Unga wa mahindi ya njano yaliyotoka nje ulibatizwa jina la Yanga, kwa rangi ya jezi za klabu hiyo. Sababu zinajulikana: bei ya mafuta iliyopaa mara mbili katika muongo mmoja, ukame, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979. Zilikuwepo na za kujitakia, kama kufutwa kwa serikali za mitaa mwaka 1972 na vyama vya ushirika mwaka 1976, na bei za mazao zilizomfanya mkulima auze kwa magendo au aache kabisa kulima zao la biashara. Mwaka 1983 serikali ilijibu kwa nguvu. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi. Watu zaidi ya elfu moja walikamatwa ndani ya wiki chache na sheria maalumu ikatungwa kwa ajili yao. Wafanyabiashara waliogopa hata kukutwa na katoni za sabuni, wengine wakazitupa usiku vichakani na baharini. Msako ule ulipendwa na wananchi wengi, na si ajabu, maana aliyekuwa akipanga foleni tangu alfajiri alijua kwamba kuna mwenye bidhaa uvunguni. Lakini haukujaza duka hata moja. Bidhaa zilizidi kupotea.

Hapo ndipo ushahidi unapoanza kwenda kinyume na hadithi tuliyoizoea. Mwaka huohuo wa 1983 mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa kubeba abiria Dar es Salaam, kwa kuwa shirika la usafiri la umma lilikuwa limeelemewa, daladala zikazaliwa. Sheria ya kurudisha vyama vya ushirika ilikwisha kupitishwa mwaka 1982, na serikali za mitaa zikarudi mwaka 1984. Kisha ikaja bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya. Katika bajeti hiyo ruzuku ya sembe iliondolewa, shilingi ikashushwa kutoka takriban 12 hadi 17 kwa dola moja, karo ikarudishwa katika shule za sekondari, na, kubwa kuliko yote, mtu yeyote mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa zilizotajwa kwenye orodha ya serikali pasipo kuulizwa fedha hizo zilifikaje mikononi mwake. Kwa lugha ya mtaani, mlanguzi wa 1983 ndiye aliyekuwa mwagizaji halali wa 1984. Nyerere alikuwa Rais wa Jamhuri na Mwenyekiti wa Chama. Mwinyi wakati huo alikuwa ng'ambo ya pili ya mkondo, Unguja, na bajeti hiyo haikuwa yake.

Watetezi wa Mwalimu Nyerere husema kwamba hizo zilikuwa hatua za kuzibia ufa tu, zilizochukuliwa maji yalipozidi unga, na kwamba dira yenyewe haikuguswa. Hoja hiyo ina uzito, maana Nyerere hakuacha kuamini Ujamaa hata siku moja na mashirika ya umma yalibaki palepale. Hata hivyo siasa ya uchumi hupimwa kwa kile ambacho dola inakubali kufumbia macho. Msingi wa msako wa 1983 ulikuwa kwamba mali ya mtu binafsi ni ya kutiliwa shaka mpaka ithibitishwe. Msingi wa bajeti ya 1984 ulikuwa kinyume chake kabisa: leta mzigo, lipa ushuru, uza. Kati ya hatua hizo mbili haukupita hata mwaka mmoja na nusu, na hakuna aliyesimama kwenye jukwaa kueleza wananchi kwamba serikali imebadili mawazo. Mabadiliko yaliingia nchini kama mgeni anayepitishwa mlango wa uani. Baadaye, alipoonekana sebuleni, watu walidhani kaja na mwenye nyumba mpya.

Mwinyi alikuwa na ruksa yake, lakini ilikuwa ya Zanzibar. Januari 1984, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM huko Dodoma, Rais wa Zanzibar Aboud Jumbe alilazimika kujiuzulu baada ya mvutano juu ya muundo wa Muungano, na Mwinyi akapewa Visiwa katikati ya dhoruba. Karafuu ilikuwa imeporomoka, kwa sababu Indonesia, mnunuzi mkuu wa miaka mingi, ilikuwa imeanza kujitosheleza. Akiwa na Seif Sharif Hamad kama Waziri Kiongozi, alilegeza biashara, akaruhusu bidhaa ziingie, na maduka ya Mji Mkongwe na Darajani yakapata uhai ambao watu wa Bara walikuwa wakiusikia tu. Visiwa vikapata pia katiba mpya yenye haki za binadamu ndani yake. Kwa hiyo alipopendekezwa kuwa mgombea wa urais mwaka 1985, wakati majina ya Salim Ahmed Salim na Rashidi Kawawa nayo yakitajwa, rekodi yake ya uchumi ilikwisha kuonekana. Aliyempitisha alijua anampitisha nani. Ni vigumu kuamini kwamba Nyerere, aliyemfahamu Mwinyi tangu akiwa waziri wa Muungano, alishtukizwa na alichokifanya baadaye. Maelezo yanayoniingia akilini zaidi ni kwamba Mwalimu aliona mkataba na IMF hauepukiki, hakutaka kuutia saini kwa mkono wake, na akachagua mtu mpole ambaye angeweza kuutia bila kuipasua nchi.

Huo ulikuwa uamuzi wa busara kwa nchi, lakini ulifanya ubishi wa wazi kuwa mgumu mno. Tangu mwaka 1975 katiba ilikuwa imekiweka Chama juu ya serikali, na Nyerere aliondoka Ikulu bila kuacha uenyekiti wa CCM. Kofia mbili zilizokuwa juu ya kichwa kimoja sasa zilikuwa juu ya vichwa viwili. Katika mikutano ya hadhara viongozi waliendelea kuitikia kwamba zidumu fikra sahihi za Mwenyekiti, ilhali Rais aliyekuwa akitekeleza fikra tofauti alikaa meza kuu na kuitikia pamoja nao. Juni 1986 serikali ilitangaza Mpango wa Kufufua Uchumi, shilingi ikaruka kutoka 17 hadi 40 kwa dola, na Agosti mkataba na IMF ukasainiwa. Mwenyekiti naye alizunguka mikoani kuimarisha Chama na kukumbusha misingi ya Azimio la Arusha. Oktoba 1987, kwenye mkutano mkuu wa Kizota, Dodoma, Nyerere ambaye wengi walitarajia angeng'atuka kabisa alichaguliwa tena kuwa Mwenyekiti, na Chama kikapitisha programu ya miaka 15, hadi 2002, iliyosisitiza Ujamaa na Kujitegemea. Nchi ikawa na nyaraka mbili za mwelekeo, moja ya Chama na moja ya serikali, zilizoangalia pande tofauti, zote zikiwa zimepitishwa na watu walewale. Hakuna kikao cha wazi kilichoitwa kuzilinganisha.

Mahali pekee palipokuwa na mjadala wa hoja kwa hoja ni Chuo Kikuu. Kuanzia mwaka 1984 Idara ya Uchumi ya Mlimani iliandaa warsha za sera ambako wachumi kama Ibrahim Lipumba na Benno Ndulu walieleza kwa takwimu kwa nini kiwango cha kubadilisha fedha kilikuwa kinamnyonga mkulima wa pamba na kahawa. Wasomi wa mrengo wa kushoto, Issa Shivji akiwa miongoni mwao, walijibu kwamba soko huria lingemnufaisha mwenye mtaji na kumwacha mfanyakazi bila kinga. Pande zote mbili zilikuwa na la kusema, na ukisoma hoja zao leo utaona kila upande ulitabiri kitu kilichokuja kutokea. Tatizo ni kwamba mjadala ule haukushuka mlimani. Huku chini ulifika ukiwa umekwisha kugeuka tabia za watu: Mwalimu mkali, Mwinyi mpole, yule alibana, huyu kaachia. Hata uhasama wa kidini ulipoanza kujitokeza baadaye, kuna waliothubutu kueleza siasa za uchumi kwa dini ya Rais. Hapo ndipo unapofika ubishi ambao hauruhusiwi kuzungumzia mambo yenyewe.

Kuna wanaosema habari hii yote ya ndani haina maana, kwa sababu aliyeamua ni IMF. Nchi haikuwa na akiba ya fedha za kigeni, hata wafadhili wa Skandinavia waliokuwa marafiki wa Ujamaa walikuwa wameanza kusema mkubaliane kwanza na Washington. Basi angekuwa Mwinyi, Salim au Kawawa, mkataba ungesainiwa tu. Pingamizi hilo linasahau miaka saba. Mazungumzo na IMF yalivunjika mwaka 1979, Waziri wa Fedha Edwin Mtei akajiuzulu kwa sababu hiyo, na Nyerere akaupokea mwaka 1980 kwa kuhoji hadharani nani aliichagua IMF kuwa wizara ya fedha ya dunia. Tanzania ilikataa, ikatunga mipango yake ya kujiokoa mwaka 1981 na 1982, ikavumilia kishindo. Nchi iliyoweza kukataa miaka saba haikuburutwa kama mzoga. Shinikizo lilikuwepo na lilikuwa kubwa, ila namna ya kulipokea, kasi yake na nani alipe gharama, yalikuwa maamuzi ya Watanzania waliokuwa na majina na vyeo.

Wengine humtetea Mwinyi kwa njia isiyomheshimu: ati alikuwa kivuli tu, amefungwa mikono na Mwenyekiti hadi 1990. Takwimu zinawakatalia. Bajeti ya Nyerere ilishusha shilingi mara moja na kusimama. Chini ya Mwinyi haikusimama: kutoka 17 alipoapishwa, ilikaribia 200 kwa dola mwishoni mwa 1989. Hiyo ni sera ya mtu aliyeamua, aliyeendelea kuamua kila mwaka, huku Mwenyekiti akiwa bado ofisini. Na kuna jambo jingine lililokuwa lake kabisa ambalo halipimwi kwa shilingi. Chini ya Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, kijana aliyekutwa mjini bila kazi inayotambulika angeweza kupakiwa kwenye lori kurudishwa shamba. Kwa mshahara wa serikali wa wakati ule, hata karani mwenye kazi inayotambulika alihitaji kufuga kuku, kuuza maandazi au kuendesha mradi wa mke ili familia ifike mwisho wa mwezi, na Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa au nyumba ya kupangisha. Mwinyi alilegeza mkono wa dola juu ya maisha haya ya pembeni. Mama lishe na muuza mitumba wakaanza kuhesabika kama watu wanaotafuta riziki. Nikipewa kutaja jambo moja la kumshukuru, nitataja hili kabla ya bidhaa za madukani, maana bidhaa zingekuja kwa bajeti ya 1984 hata asingekuwepo.

Basi yapi ni yake na yamesahaulika? La kwanza ni Azimio la Zanzibar. Nyerere aliachia uenyekiti Agosti 1990 na Mwinyi akachukua kofia zote mbili. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi: kiongozi sasa angeweza kuwa na hisa, kuwa mkurugenzi wa kampuni, kupangisha nyumba, kupokea mshahara zaidi ya mmoja. Hapakuwa na IMF iliyodai hilo, wala Mwenyekiti mwingine wa kusingiziwa. Wapo wanaosema masharti ya Arusha yalikuwa yamekufa zamani kwa sababu kila mtu alikuwa akiyakwepa, na hilo ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini kati ya kumruhusu mwalimu wa shule afuge ng'ombe wa maziwa na kumruhusu waziri awe na hisa katika kampuni anayoisimamia kuna umbali mkubwa, na Azimio la Zanzibar liliwaweka wote kapu moja. Lilifanyika katika mwaka uleule ambao mashirika ya umma yalikuwa yanaelekea kuuzwa, wakati ambao nchi ilihitaji masharti ya uongozi kuliko wakati wowote. Nyerere alilipinga waziwazi katika hotuba zake za mwaka 1995, lakini kwa wananchi wengi lilikwisha kupotea ndani ya neno ruksa, kana kwamba sabuni dukani na hisa za waziri ni kitu kimoja.

La pili ni kodi. Ruksa ya kuagiza ilikuwa na nusu ya pili, ya kulipa ushuru, na nusu hiyo ililegea kadiri miaka ilivyokwenda. Misamaha ya kodi ilizagaa, na Novemba 1994 wafadhili walisimamisha misaada wakilalamikia mapato yasiyokusanywa. Waziri wa Fedha akabadilishwa muda mfupi baadaye. Pengo hilo lilizibwa na wale wasio na misamaha: karo, uchangiaji wa gharama za hospitali ulioanza 1993, na shule za msingi ambazo uandikishaji wake ulishuka kutoka kiwango cha karibu watoto wote mwanzoni mwa miaka ya 1980. Linashangaza zaidi ukikumbuka kwamba huyu ndiye mtu aliyejiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977, kwa sababu ya vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya usalama Mwanza na Shinyanga, makosa ambayo hakuyatenda kwa mkono wake. Alikuwa mfano wa uwajibikaji nchini. Serikali yake ya muhula wa pili haikuwa.

Pingamizi la mwisho ndilo gumu zaidi. Huenda ukimya ule ulitusaidia. Majirani kadhaa waliobishana wazi juu ya marais wao wapya walimaliza ubishi kwa bunduki. Sisi tulibadili mfumo mzima wa uchumi, kisha mwaka 1992 mfumo wa vyama, bila damu. Nakubali kwamba kofia mbili zilitoa kinga: walioamini Ujamaa walikuwa na Mwenyekiti wao, waliotaka soko walikuwa na Rais wao, na hakuna aliyejiona ameshindwa kabisa. Ila amani hiyo ilikuwa na bei, nayo ni kwamba hakuna aliyelazimika kutetea uamuzi wake mbele ya watu walioumizwa nao. Hata Tume ya Nyalali ya mwaka 1991, iliyokusanya maoni juu ya mfumo wa siasa, iliwauliza wananchi hasa juu ya idadi ya vyama. Mwinyi mwenyewe alieleza upande wake katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2021, akiwa na umri wa miaka 96, yaani robo karne na zaidi baada ya kuondoka madarakani.

Waliobaki kati ya waliokaa kwenye vikao vile sasa ni wazee. CCM iziweke mbele ya watafiti kumbukumbu za Dodoma 1985, Kizota 1987 na Zanzibar 1991, kwa ukamilifu wake, pamoja na majina ya waliosema na walichosema. Na wewe msomaji, ukisikia tena mtu akisema Mwinyi ndiye aliyefungua nchi, au ndiye aliyeiuza, muulize bajeti ya 1984 ilisomwa na nani, na Azimio la Zanzibar lilipitishwa chini ya mwenyekiti gani.